Pikapu ya 1974 imelala nyuma upande mmoja: niongeze jani, nikunje upya au nitafute springi za mtumba?

pikapu_74

Wakuu, habari zenu. Pikapu ni ya 1974, nusu tani, nyuma ina springi za majani (bapa za chuma zilizopangwa moja juu ya nyingine), ekseli nzima na breki za dramu. Kushoto imelala. Vipimo hivi nimechukua gari likiwa tupu, sakafu tambarare, upepo wa matairi sawa:

Ekseli hadi raba ya kugongea (inayozuia ekseli isigonge chesisi): kulia 72 mm, kushoto 41 mm.
Springi: majani 5 kila upande, upana 60 mm, unene 7 mm.
Jicho hadi jicho (matundu ya ncha mbili za springi): 1,200 mm. Jicho la mbele hadi sentabolti (bolti ya katikati inayoshika majani pamoja) 550, sentabolti hadi jicho la nyuma 650.
Springi ziko chini ya ekseli, yubolti (bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli) mbili kila upande, shako (pleti zinazoyumba zinazoshika jicho la springi) ziko nyuma.

Ikipakiwa kilo 300, kushoto inagonga raba kila shimo. Bushi zote (mipira ya ndani ya macho) zimekwisha, na hanga ya shako (mabano yanayoishika kwenye chesisi) ya kushoto ina kutu ya kutisha. Springi mpya za modeli hii ni za kutafuta kwa tochi, na zikipatikana bei yake si ya mtu wa kawaida. Naona njia nne: kuongeza jani moja kila upande, kupeleka majani yakakunjwe upya, kuchukua springi za mtumba za pikapu ya miaka ya karibuni, au kutengenezesha mpya. Kwa mwenye bajeti ndogo ipi ina akili? Na vitu gani lazima viwe vipya hata iweje?

Mzee wa Chesisi

Kwanza uhakikishe ugonjwa uko nyuma. Chesisi ni kitu kigumu, kona moja ya mbele ikishuka, nyuma nayo inaegemea, na wengi wamebadilisha springi za nyuma kumbe mgonjwa yuko mbele. Zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo, weka jeki moja katikati kabisa ya boriti ya mbele ya chesisi, inua hadi matairi ya mbele yaache sakafu kidogo tu. Usiingie chini. Sukuma bodi ya nyuma juu na chini mara tatu nne ili springi zitulie, halafu pima tena zile nafasi mbili. Sasa mbele imesimama kwenye nukta moja, haina nguvu ya kuegemeza nyuma. Tofauti ya 31 mm ikibaki karibu ileile, springi za nyuma ndizo. Ikishuka hadi 5 au 6, hamia mbele.

La pili, sugua majani kwa brashi ya waya na uyaangalie kwa taa kali, hasa sehemu mbili: pembeni mwa tundu la sentabolti, na pale ncha ya jani fupi inapogusa jani lililo juu yake. Ufa mara nyingi hauonekani kama ufa, unaonekana kama mstari mwembamba wa kutu nyekundu inayotoka hata baada ya kusugua. Jani likiwa limevunjika katikati, yubolti zinalibana na kulificha, kwa hiyo usiseme ni zima mpaka umefungua.

La tatu, pima kutoka bolti ya jicho la mbele hadi katikati ya ekseli, kushoto na kulia. Ikizidi tofauti ya 5 mm, shuku sentabolti iliyokatika. Ekseli inateleza juu ya springi na gari linatembea kimshazari kama kaa.

Bapa na Bushi

Nakubaliana na mzee hapo juu. Naongeza jambo ambalo watu wengi hawalioni na ndilo linalowafanya wanunue mara mbili.

Springi iliyolala haijawa laini. Ugumu wa chuma haupungui kwa uzee, kinachopungua ni upinde. Majani yako 5 leo yana ugumu uleule yaliyokuwa nao 1974, ukiacha kilicholiwa na kutu, ila yanaanzia chini zaidi. Ndiyo maana kuongeza jani ni dawa ya ugonjwa mwingine. Jani jipya lenye upinde linaingia kati ya wazee waliolala, linabeba mzigo mwingi kuliko wenzake muda wote, hata gari likiwa tupu. Matokeo: gari linainuka, linakuwa gumu, na baada ya muda ama jani jipya linalala ama linavunja jirani yake pale ncha yake inapokandamiza. Likiwa fupi ndiyo mbaya zaidi, maana nguvu yote inaishia sehemu moja.

Ugumu wa springi unakadiriwa hivi: 8 × 206,000 × idadi ya majani × upana × unene mara tatu, gawanya kwa 3 × urefu mara tatu. "Mara tatu" maana yake unene × unene × unene, na urefu vivyo hivyo. Kila kitu kwa mm, jibu ni niutoni kwa kila mm. Kwa vipimo vyako:

Majani 5 ya 7 mm, upana 60, urefu 1,200: karibu 33 N/mm kwa springi moja. Mbili zikiwa pamoja ni kama kilo 6.7 kwa kila milimita, kwa hiyo kilo 300 juu ya ekseli zinashusha gari kama 45 mm. Sasa tazama kushoto una nafasi ya 41. Lazima igonge, haina ujanja. Kulia una 72, ndiyo maana hapagongi.

Ukiongeza jani la sita la 7 mm: 39 N/mm, kilo 300 zinashusha kama 37 mm. Umeokoa 8 mm tu, na kila ukienda bila mzigo gari linaruka kama mbuzi. Ukirudisha upinde bila kuongeza chochote, umepata zile 31 mm zote.

Kanuni ni ya makadirio, haihesabu msuguano kati ya majani wala pembe ya shako, lakini kwa kulinganisha springi mbili inatosha. Kariri jambo moja: unene ndio unaotawala. Majani 5 ya 8 mm yana ugumu wa majani saba na nusu ya 7 mm. Mtu akikwambia "hizi zinafanana, zimezidi unene kidogo tu", toa kipimo mfukoni.

Kifaa Kizito

Kukunja upya nako kuna namna mbili, na mtu asiyetofautisha atalia.

Kukunja kwa baridi: jani linabonyezwa kwa presi au kugongwa hatua kwa hatua upande wa ndani wa upinde. Linapata umbo, lakini chuma kinabaki na mkazo wa ndani unaovuta kulirudisha lilikotoka. Ni rahisi na hulala tena mapema, hasa ukipakia mara kwa mara. Kwa gari la matembezi ya wikendi linaweza kufaa kabisa.

Kukunja kwa moto: jani zima linapashwa hadi kama nyuzijoto 850, linakunjwa, linatumbukizwa kwenye mafuta, halafu linapashwa tena taratibu kwenye tanuru kama 450 hadi 500 ili lisibaki gumu la kukatika kama kioo. Hapo unapata springi ya kweli. Karakana isiyo na pipa la mafuta na tanuru la hatua ya pili, usiwape majani yako. Ukiona mtu anapasha katikati ya jani kwa tochi ya gesi hadi liwe jekundu, anakunja na kuliacha lipoe kwenye sakafu, ameua ugumu wa sehemu ile. Litakunjika palepale.

Na hakuna kukunja kunakofuta uchovu. Jani lenye vishimo vya kutu upande wa juu (ndio unaovutwa gari likipakiwa) litapasuka kwenye kishimo hata ukilikunja kwa ustadi wa aina gani.

pikapu_74

Asanteni sana wakuu. Nimefanya kipimo cha jeki ya katikati: tofauti imebaki 28 mm, kwa hiyo ni nyuma. Nimesugua pia, springi ya kushoto jani la tatu lina mstari wa kutu karibu na sentabolti. La kulia sijaona kitu.

Nimepata springi za mtumba za aina mbili, jozi kamili, zote upana 60 mm:

A: majani 5 ya 7 mm, jicho la mbele hadi sentabolti 600, sentabolti hadi jicho la nyuma 650.
B: majani 4 ya 8 mm pamoja na jani moja nene la chini lililonyooka, 550 mbele na 690 nyuma.

Muuzaji anasema A ndiyo itaingia kwa sababu majani yanalingana.

Bapa na Bushi

Idadi ya majani ni jambo la mwisho kuangalia. La kwanza ni jicho la mbele hadi sentabolti, kwa sababu jicho la mbele limefungwa pale pale na ndilo linaloamua ekseli ikae wapi. A inakusogezea ekseli nyuma 50 mm. Gurudumu litakaa vibaya kwenye uwazi wa bodi, na propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) itachomoka 50 mm kwenye meno yake ya kuteleza, kiasi ambacho kinaweza kuifanya itoke kabisa ekseli ikishuka. Mtu atakushauri uchimbe tundu jipya la sentabolti kwenye majani. Usikubali. Jani litakuwa na matundu mawili karibukaribu mahali penye mkazo mkubwa kuliko pote.

B mbele inalingana. Nyuma imezidi 40 mm, na nyuma ndipo penye shako, kwa hiyo kazi yako ni kusogeza hanga ya shako 40 mm kwenda nyuma. Bahati nzuri hanga ya kushoto ulikuwa uiondoe hata hivyo. Hanga ya nyuma kuisogeza si dhambi kubwa, ile ya mbele ndiyo inayobeba msukumo wote wa kuondoka na kufunga breki, usiichezee bila sababu.

Ugumu wa B: majani 4 ya 8 mm, urefu 1,240, ni kama 35 N/mm. Zako zilikuwa 33. Karibu sawa, na hujaongeza ugumu wa maana. Lile jani nene la chini ni la mzigo, halifanyi kazi mpaka springi ishuke ikaliguse. Kwa nusu tani unaweza kuliondoa au kuliacha. Ukiliacha, kumbuka unene wake kwenye urefu wa yubolti, na hakikisha halikutani na bamba la yubolti wala mabano ya shokapu.

Kabla hujatoa pesa kwa hiyo B, kagua haya: simamisha springi mbili ubavu kwa ubavu, upinde ulingane (vuta uzi kati ya katikati ya macho, pima kutoka uzi hadi jani kuu pale penye sentabolti, tofauti isizidi 5 mm). Pima kipenyo cha jicho ndani na kipenyo cha bolti, maana bushi zitanunuliwa kwa vipimo hivyo, si kwa jina la gari. Pima kichwa cha sentabolti. Kichwa kinatakiwa kiingie kwenye tundu la kiti cha ekseli (pale ekseli inapokalia springi) bila kucheza. Tundu likiwa kubwa kuliko kichwa, tengenezesha ringi ya chuma ya kujaza nafasi. Likiwa dogo, badilisha sentabolti, usipanue kiti. Na angalia vibano vinavyoshika majani pamoja. Vikikosekana, jani kuu linabaki peke yake gurudumu linapoanguka kwenye shimo, na huo ndio mwanzo wa kukatika.

Bi Vipimo

Aliuliza vitu gani viwe vipya hata iweje, na hakuna aliyejibu. Hivi:

Yubolti 4 na nati zake 8. Zikikazwa mara moja zimenyooka, nyuzi zimevutika, hazikazi tena sawasawa. Hapa ndipo watu wanapobana pesa pasipofaa, na yubolti iliyolegea ndiyo inayokata sentabolti. Sentabolti 2. Bushi za sehemu sita: jicho la mbele, jicho la nyuma na hanga ya shako, kila upande. Zikiwa za aina ya nusu mbili, hesabu vipande 12. Bolti za shako kama zina mfereji ulioliwa.

Shokapu zinaweza kusubiri kama hazivuji na zina upinzani pande zote mbili, ilimradi urefu wake bado unafaa. Raba za kugongea zikiwa zimepasuka badilisha, ni kitu kidogo. Shako zenyewe, zile pleti, zikiwa hazijapinda na matundu hayajawa mayai, osha, paka rangi, rudisha.

Kipimo cha yubolti: unahitaji unene wa nyuzi, upana wa ndani kati ya miguu na urefu wa ndani. Kwa kuwa springi iko chini ya ekseli, yubolti yako ni ya mgongo wa mviringo na upana wake ni kipenyo cha bomba la ekseli. Mfano wa urefu: bomba 72, kiti 8, springi majani manne 32, bamba 10, washa na nati 15, nyuzi za ziada 10. Jumla 147, nunua 150. Pima zako mwenyewe, usinakili zangu. Ikiwa ndefu kupita kiasi itakuwa ndiyo kitu cha chini kabisa kwenye gari na itakwaruza kila tuta.

Bushi za mpira au za poliyurethani? Mpira ni kimya na haudai matunzo. Poliyurethani inaingia kwa mkono bila presi, inadumu, ila inataka grisi ya silikoni na isipopakwa hulia kama mlango wa ghala. Mpira usiupake grisi ya kawaida, huvimba na kuoza, tumia maji ya sabuni.

Mzee wa Chesisi

Sasa kazi yenyewe. Siku tatu kabla, paka oili ya kulegeza kutu kwenye bolti za macho na nati za yubolti, asubuhi na jioni. Usisubiri siku ya kazi.

Zuia magurudumu ya mbele. Inua nyuma, weka stendi mbili imara chini ya chesisi, mbele kidogo ya hanga ya mbele ya springi, pasipo na kutu. Jeki ya magurudumu ibaki chini ya difu (sanduku la gia katikati ya ekseli) ikibeba uzito wa ekseli tu. Toa matairi. Fungua shokapu chini. Angalia mpira wa breki unaotoka chesisi kwenda ekseli, bomba la kupumulia la difu na kamba ya breki ya mkono: ukishusha ekseli kupita kiasi, mpira wa breki ndio utakaoibeba, na utachanika kwa ndani usione. Fanya upande mmoja umalize ndipo uhamie wa pili. Upande usioguswa unashikilia ekseli mahali pake, nawe una mfano wa kutazama.

Yubolti zikikataa, zikate kwa grainda, si unanunua mpya? Bolti ya jicho la mbele ndiyo yenye kiburi. Nati hutoka vizuri lakini bolti imeungana kwa kutu na bomba la chuma la ndani ya bushi. Ukizungusha bolti na mpira wa bushi unazunguka nayo, acha nyundo. Ingiza diski nyembamba kati ya jicho na ukuta wa hanga, kata bolti pande zote mbili, springi inashuka na kipande ndani yake. Tenki la mafuta likiwa karibu, funika mabomba kwa shuka nzito iliyolowa na uwe na mtu ameshika kizima moto. Tochi ya gesi hapo siipendi: mpira ukiungua unatoa moshi mbaya, na joto likifika kwenye jani umeharibu springi.

Bushi ya zamani ikigoma kwenye springi unayoitumia: toboa mpira kwa drili kuzunguka pande zote, sukuma kiini kitoke, kisha ganda la nje lipasue kwa wembe wa msumeno ukikata kutoka ndani. Simama kabla ya kugusa jicho lenyewe, mkwaruzo hapo ni mwanzo wa ufa. Kuingiza mpya, bolti ndefu, washa nene na soketi kubwa upande wa pili vinatosha kuivuta taratibu.

Ukifungua majani ya hiyo B kuyasafisha, bana kwanza kwa klampu mbili nzito, moja kila upande wa sentabolti, ndipo ukate sentabolti. Legeza klampu kwa zamu, nusu mzunguko nusu mzunguko. Majani yana nguvu ya kukurushia chuma usoni. Sugua, paka rangi ya grafaiti au weka vipande vya plastiki maalumu kwenye ncha. Grisi ya kawaida inakusanya mchanga na kuwa msasa.

Kurudisha: jicho la mbele kwanza, bolti mkononi tu, usikaze. Kisha shako, mkononi vilevile. Shusha ekseli polepole hadi kichwa cha sentabolti kiingie tundu la kiti. Ukikiona kimekaa kando ya tundu, usitegemee yubolti zikivute. Weka bamba na yubolti, kaza kwa msalaba hatua tatu. Kwa yubolti ya 12 mm mpya na safi, kama 90 hadi 100 Nm. Ya 14 mm, 120 hadi 140. Kitabu cha gari ukiwa nacho kikisema tofauti, kifuate. Nyuzi zilizobaki nje kila mguu zilingane.

Kifaa Kizito

Hapo mzee ameacha jambo moja na ndilo linaloua bushi mpya ndani ya miezi michache. Bolti za macho na za shako zinakazwa kabisa gari likiwa limesimama kwenye matairi yake, kwa uzito wake wote. Bushi ya mpira haizunguki, inajipinda. Ukikaza ekseli ikining'inia, umeufunga mpira kwenye mkao wa kuning'inia, na ukishusha gari unabaki umepindika muda wote. Unapasuka, na juu ya hapo gari linakaa juu bandia kwa wiki chache, unadhani springi ni nzuri. Rudisha matairi, shusha, tikisa, kaza. Nafasi ikiwa finyu, weka stendi chini ya ekseli yenyewe, si chini ya chesisi.

Mzee wa Chesisi

Kweli kabisa, asante kwa kunikumbusha.

pikapu_74

Nachukua B. Swali la hanga ya shako: imefungwa kwa riveti nne. Nichomelee mpya mahali papya au nifunge kwa bolti? Na nitajuaje nimeisogeza sawa?

Bapa na Bushi

Bolti. Chesisi ya umri huo ina chuma chembamba, na mshono wa kuchomelea unaokata boriti kutoka juu hadi chini unaanzisha ufa pembeni yake. Na usifanye hata doa la kuchomelea karibu na springi zikiwa zimefungwa. Umeme ukipita kwenye jani unaacha alama ya moto, jani linakatika hapo.

Riveti: saga kichwa kwa grainda hadi kilingane na hanga, piga alama katikati, toboa kwa 5 au 6 mm kina cha kutosha, panua kwa drili kubwa kidogo, kisha tindo butu na nyundo ya kilo moja na nusu. Usitumie drili ya kipenyo kamili mara moja, ikihama inakula chesisi. Tundu safi linalobaki ndilo linaloamua bolti: ichukue inayojaza tundu, ya gredi 10.9 (alama ya uimara wa bolti), yenye shina lisilo na nyuzi kupita unene wa pleti zote mbili. Bolti yenye nyuzi mwili mzima inasaga tundu. Nati za kujifunga. Matundu ya zamani ya riveti yasiyotumika yafunge kwa bolti pia, na kwa ndani weka pleti ya 4 hadi 5 mm ya kusambaza nguvu kama chuma kimeliwa. Gonga kwanza kwa nyundo ndogo kuzunguka: mlio wa kengele ni chuma, mlio wa boksi ni kutu.

40 mm ni ya kwenye karatasi. Kabla ya kutoboa, funga springi mbele na kwenye ekseli, ibane hanga kwenye chesisi kwa klampu, na uinue ekseli kwa jeki hadi nafasi ya raba iwe kama 70 mm. Hapo tazama shako: mguu wake wa chini uwe umelala kidogo kwenda nyuma. Springi ikibonyea inarefuka, kwa hiyo shako lazima iwe na njia ya kwenda nyuma bila kugusa chesisi wala bodi. Ikiwa wima kabisa au imeegemea mbele, iko hatarini kupinduka springi inaponing'inia, na springi inajifunga inakuwa kama ubao. Weka alama, pima kutoka jicho la mbele kushoto na kulia, zote mbili zilingane ndani ya 2 mm, ndipo utoboe. Na hanga zote mbili zisogee, hata ile ya kulia isiyo na kutu.

Bi Vipimo

Ukimaliza, pima pembe ya pinioni (gia ya difu inayopokea propela shafti). Weka kipimo cha pembe kwenye uso wa flenji ya difu na kwenye propela shafti, gari likiwa kwenye matairi. Pembe ya krosi (kiungo cha propela shafti) ya mbele na ya krosi ya nyuma zitofautiane si zaidi ya digrii 1, na kila moja isizidi kama 3. Ikizidi, gari litatetemeka kwa kasi fulani na utalaumu matairi. Dawa ni kabari za chuma kati ya springi na kiti, si za alumini, zile hupasuka. Kwa springi iliyo chini ya ekseli kama yako, kuinua pua ya difu unaweka upande mnene mbele. Kwa springi iliyo juu ya ekseli ni kinyume. Kabari inataka sentabolti ndefu zaidi, kwa hiyo pima kabla hujakata ziada ya sentabolti.

Mtu asikudanganye pia na bloku ya kuinua gari. Ekseli ikiwa juu ya springi, bloku katikati yao inashusha bodi, haiinui.

Na kama gari lina vali ya breki inayosukumwa na kijiti kutoka ekseli, irekebishe kijiti kwa urefu mpya. Gari likikaa juu zaidi vali inadhani halina mzigo na inainyima nyuma breki.

pikapu_74

Nimeelewa. Swali la mwisho, kukaza upya yubolti ni baada ya umbali gani?

Kifaa Kizito

Kilomita 100 za kwanza, halafu tena kati ya 500 na 1,000. Rangi na kutu kati ya majani vinasagika, furushi linapungua unene, yubolti zinalegea bila wewe kugusa kitu. Piga mstari mmoja wa rangi kutoka nati hadi bamba, ukiona umevunjika, imezunguka. Ukisikia "tok" moja unapoondoka na nyingine unapofunga breki, simama na uangalie yubolti kabla ya kitu kingine. Mlio wa kukwaruza kwenye matuta madogo ni ncha za majani, huo hauna haraka.

Mzee wa Chesisi

Na zile springi za zamani usizitupe. Jani kuu la kulia, kama kweli halina ufa, lipake mafuta ulihifadhi kama mfano. Lina vipimo vyote vya gari hilo, siku ukitaka kutengenezesha mpya fundi atalinakili lenyewe badala ya kubahatisha.

pikapu_74

Sawa mzee. Hanga za kulia nazo naanza kuzipaka oili leo jioni.